Bahari Iliyodhaniwa Mto

Nikishika kalamu, mkono hukimbia mbele ya akili, kisha hurudi kufuta. Kwa hiyo mtakuta maneno yaliyokosewa na mistari inayopanda juu. Mniwie radhi. Darasa la kwanza nilisomea ukimbizini Zaire, nikaanza upya Sudan, nikamaliza la saba hapa Koboko, Uganda, nikiwa msichana mkubwa, na hapo masomo yangu yaliishia. Naandika polepole. Kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi.

Tangu mwaka ule wa sabini na tisa tulipokimbia vita, mwili wangu haujajua kutulia. Nikiketi, mguu unatikisika. Mama alikuwa akiniuliza, "Miguu yako inangoja gari gani?"

Kitu cha kwanza kunishika nikakaa kimya kilikuwa kipande cha tumbawe. Kililetwa na mwalimu mmoja, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, ambaye zamani alifanya kazi Port Sudan katika chuo cha kuchunguza viumbe vya Bahari ya Shamu. Hapa alifundisha vijana sayansi, alasiri, kwenye baraza la kanisa. Kile kipande kilikuwa cheupe, chenye vitundu, kinakwaruza kidole. Alituambia hilo si jiwe. Ni nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo kama punje za ulezi, na ndani ya miili yao huishi mimea midogo zaidi, inayowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Maji yakizidi joto, mnyama huitoa ile mimea, akabaki mweupe, na asipoipata tena hufa njaa. Udongo ukijaa majini, jua haliwafikii. Samaki waliojificha pale huhama.

"Wanahama kwenda wapi?" niliuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza tangu nianze kuhudhuria.

"Mara nyingi hatujui," alisema. "Wanaohesabu ni wachache. Wengine wanakisia."

Usingizi ulipungua. Nilichora matumbawe kwenye mchanga wa uani, kuku wakayafuta, nikachora tena. Mwalimu aliponiambia kwamba rafiki aliyesoma naye anafundisha vijana huko pwani ya Kenya, kuzamia na kuhesabu samaki kwenye miamba, na kwamba cheti cha darasa la saba kinatosha, niliinuka nikaanza kuzunguka baraza. Alielewa. Akaja nyumbani kuniombea ruhusa.

Baba yangu, aliyekuwa askari, hakurudi kutoka vitani, kwa hiyo mwenye neno ni baba mdogo, naye alikuwa askari zamani, sasa anatengeneza baiskeli karibu na soko. Walizungumza Kiarabu chetu cha huku, kile cha soko na kambi. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia neno moja tu likirudiwa: bahar, bahar. Kisha baba mdogo akapaza sauti kwa Kiswahili ili nyumba nzima isikie: "Bahar? Hakuna maneno! Mutoto nakwenda!"

Sikuamini. Nilipanda gari hadi Arua kuulizia karatasi ya kuvuka mpaka katika ofisi za kilimani, nikarudi, nikafunga nguo, nikafungua, nikafunga. Siku ile mama mdogo, mke wa baba mdogo, aliponiona na furushi akasema, "Usisahau sisi. Utuletee angara ya kukauka."

Angara ni samaki wa mto Nile, tunampenda sana.

"Huko hakuna angara, mama."

"Bahar gani hiyo haina angara?"

Ndipo nilipoelewa. Kwetu bahar ni ule mto mkubwa. Baba mdogo alikuwa amenipa ruhusa ya kwenda Rhino Camp, kando ya Nile, mahali mtu anakwenda na kurudi kabla nguo hazijachafuka.

Nilienda moja kwa moja kwenye kibanda chake, kabla woga haujanikuta njiani. Alikuwa ametumbukiza mpira wa baiskeli kwenye beseni, anatafuta tundu. Mteja amekaa pembeni.

"Baba," nikasema, macho kwenye beseni.

"Sema na mimi, usiseme na maji."

"Bahar ya mwalimu si hii ya Rhino Camp. Ni ile ya chumvi. Iko Kenya, mbali, mwisho wa nchi."

Mteja akacheka. "Huyu nataka kuoga mpaka Kenya! Kochi imekauka?" Kochi ni mto wetu mdogo.

Baba mdogo hakucheka. "Na chumvi, wewe nataka kufanya nini nayo?"

Nikamweleza vibaya, nikirukaruka. Nikasema kuna watu hutupa baruti majini wapate samaki, na nyumba za wale wanyama huvunjika, na samaki hawarudi.

"Baruti!" Uso ukamchangamka. "Sisi tulitupa bomu kwa bahar, wakati ya jeshi. Samaki mingi, inaelea tumbo juu!"

"Na mara ya pili?"

Akakuna kidevu kwa mkono wenye grisi. "Mara ya pili hakuna kitu. Tulisema ni uchawi."

Mteja akacheka tena, safari hii akimcheka yeye. Nikadhani nimeshinda. Lakini baba mdogo akauweka mpira chini.

"Njia ya Karuma, ile ya kwenda Kenya, najua. Gari inasimamishwa, mutu anaulizwa kabila yake. Baba yako alikwenda vita huko chini. Alirudi?"

Nikarudi nyumbani, nikafungua furushi.

Kesho yake mwalimu alikuja kuomba radhi kwa lile neno. Baba mdogo alimpa chai, akasema hana ugomvi na masomo. "Rafiki yako ni yako. Mimi nataka mutu ingine ya huko, mama ya watu, aandike kwa mkono yake. Mutoto atalala wapi, nani atamupokea, njia iko namna gani. Nikisikia hiyo, nafikiri tena."

Vijana wa kundi la kwanza wameshaanza bila mimi. Mwalimu anasema kundi lingine litachukuliwa mvua zikiisha. Ninazunguka. Asubuhi nashuka Kochi kuhesabu visamaki chini ya daraja, hawatulii, nami situlii, hesabu inavurugika, naanza tena.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokaa pwani, hasa akina mama, mniandikie. Mhariri wa gazeti hili atanifikishia. Semeni msichana mgeni hulala wapi kwenu, nani humpokea kituoni, na kama mliwahi kupita njia ya kuja huku, mlionaje. Msipambe. Kama ni mbaya, andikeni ni mbaya. Nitamsomea baba mdogo mwenyewe, kwa sauti, neno kwa neno, hata wateja wakiwepo.