Siku Nilipoandika "Kuzamia" Kwenye Fomu

Kama kuna mtu aliwahi kuwaambia kwamba Mvumi kuna mwanamume mzima aliyetumbukiza kichwa kwenye hori la maji ya ng'ombe mbele ya wazazi wake na ujumbe wa ukweni, msibishane naye, hajawadanganya, mwanamume huyo ni mimi. Miaka mingi nimejaribu kusema alikuwa mtu mwingine tunayefanana naye na watu wananiangalia tu, kwa hiyo leo nasema mwenyewe, tena kwa mpangilio, maana wanaosimulia huanzia kwenye hori na kuruka kilichonipeleka huko, na kilichonipeleka huko ni neno moja tu.

Wakati huo nilikuwa mpokea wageni kwenye hoteli moja pale Mikumi, kando ya barabara kuu (ilikuwa ya umma, ikauzwa kwa mwekezaji kama vitu vingi vilivyokuwa vinauzwa miaka ile, na sisi tukauzwa nayo pamoja na vitanda). Nilivaa tai. Hebu nieleweni, mimi ni mtoto wa wafugaji, Wasukuma waliohamia Mvumi na mifugo yao, nimekua nikinuka maziwa, halafu leo nina tai shingoni na naongea Kiingereza na Wazungu kabla sijanywa chai, kichwa kisivimbe kwa nini? Na nilikuwa na mchumba, Kabula, mwalimu wa shule ya msingi kule Rudewa, mtoto wa Msukuma mwenzetu, mwanamke wa maneno machache lakini likikupata moja hulali. Mahari ilishapelekwa, ng'ombe ambao baba aliwachagua mwenyewe mmoja mmoja, na harusi ilikuwa inasubiri mavuno tu.

Sasa kulikuwa na mgeni wetu, Mama Hilda, bibi wa Kizungu aliyekuja kila mwaka na mumewe kuangalia wanyama hifadhini. Mwaka ule alisahau mkoba wake bustanini, nikamtunzia na kila kilichokuwemo, hadi pasipoti. Akafurahi mpaka akatoa machozi. Akaniambia yeye na mumewe wana hoteli yao Misri, pwani ya Bahari ya Shamu, na kwa shukrani wananialika wiki mbili, tikiti juu yao. Akanipa kitabu cha picha. Jamani! Jangwa tupu, mchanga na mawe, hakuna hata kichaka cha kumtosha mbuzi mmoja, halafu jangwa lote lile linaishia kwenye maji ya bluu, na ndani ya maji kuna watu wamevaa viatu kama nyayo za bata na mitungi mgongoni, wanatazamana na samaki wenye rangi za kanga. Mama Hilda Kiswahili alikisomea kwenye kamusi, akaninyooshea kidole akasema, "Masanja, wewe utazamia! Utazamia kuona samaki!"

Neno likanikaa. Kwenye kamusi yake kuzamia ni kwenda chini ya maji kufuata kitu, basi. La mtaani nililijua, nani hakulijua miaka ile, vijana walikuwa wanazamia meli wanaibukia Ulaya, wengine wanazamia Sauzi, na mtu akishazamia mama yake ndiyo basi tena, hana barua wala salamu. Lakini haki ya Mungu, lile la mtaani lilinitoka kabisa kichwani, lilifunikwa na vile viatu vya bata.

Na jambo lingine (hili nalisema kwa sauti ya chini): Kabula sikumwambia. Wenzangu wa hotelini niliwaambia wote, mlinzi wa getini nilimwambia, fundi cherehani nilimwambia akanishonea kaptura mbili, ila Kabula nikamweka wa mwisho, eti nataka kumshtukiza nikiwa na pasipoti mkononi.

Basi nikaenda Morogoro kwenye ofisi ya uhamiaji, nikapanga foleni, nikapewa fomu, nikajaza vizuri mpaka nikafika pale palipoandikwa "Madhumuni ya safari". Pale ningeandika "likizo" na mkasa ungeishia hapo. Lakini likizo niliiona neno la kivivu, mtu wa tai aandike kitu kilichokamilika. Nikaandika kwa herufi kubwa, KUZAMIA, nikapiga na mstari chini yake.

Ofisa alikuwa mtu mzima, mpole, miwani imekaa puani. Akasoma. Akaivua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena.

"Kijana, hapa umeandika kuzamia?"

"Ndiyo, afande. Kuzamia."

"Na umekuja kuniambia mimi?"

"Nimeona bora niandike ukweli, afande."

Foleni nzima ikageuka kuniangalia. Mimi nikadhani wananionea wivu, nikasimama vizuri.

"Nani anakupokea huko?"

"Kuna mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima sana. Yeye ndiye atakayenifundisha, anasema siku tatu tu nitakuwa nimezoea."

"Siku tatu," akasema ofisa. "Na ukiwa huko unakaa wapi?"

"Chini, afande. Unakaa chini karibu saa nzima, wanakupa mtungi wa hewa maana huko chini hakuna hewa. Halafu kuna meli, tutaingia mpaka ndani, kule chini kabisa kwenye mizigo." (Nilimaanisha meli iliyozama zamani, ipo kwenye kitabu cha picha, watalii huifuata huko huko. Lakini hilo la kuzama nililisahau kulisema.)

"Mungu wangu, kwenye mizigo!" ikatoka sauti nyuma yangu, na nilipogeuka nikamwona Mama Vitunguu, mfanyabiashara wa Kilosa, anayetujua mimi na Kabula vizuri, naye alikuwa anatafuta hati ya kwenda kufuata vitenge Zambia. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia huku amejishika kifua, na tangu hapo hakuniangalia usoni.

Ofisa akaikunja fomu yangu polepole. "Mwanangu," akasema, "nenda nyumbani ukaongee na wazazi wako. Ukishaongea nao, kama bado unataka, njoo uandike upya." Nami kwa ujinga wangu nikaelewa kwamba inatakiwa saini ya mzazi! Nikamshukuru kabisa, nikarudi Mikumi kazini, nikafanya kazi wiki nzima nikipiga mluzi, wakati huo Mama Vitunguu ameshashuka Kilosa na habari imeshapanda baiskeli.

Jumamosi nikafunga tai yangu, nikadandia lori mpaka Kilosa, nikapata basi la kwenda Dumila. Rudewa tulipita, na nilifikiria kushuka nimwone Kabula, nikasema hapana, saini ya baba kwanza. Tulipobakiza kidogo kufika Mvumi basi likapunguza mwendo likaanza kupiga honi, kuna ng'ombe wamejaa barabarani. Nikachungulia dirishani kama kila mtu. Nikasema moyoni, yule mwenye baka jeupe jichoni anafanana na wa kwetu. Na yule aliyekatika mkia naye anafanana na wa kwetu. Halafu nikawaona wanaowaswaga: mshenga wetu Mzee Lugendo, yuleyule aliyewapeleka, na Ngasa, kaka yake Kabula. Kwetu mahari ikionekana barabarani inarudi ilikotoka hakuna haja ya kuuliza kuna nini. Nikatoa kichwa nje nikaita, "Mzee Lugendo! Shikamoo! Kulikoni?"

Mzee akainua macho akabaki mdomo wazi. "Masanja? Wewe si uliondoka?"

"Niondoke wapi?"

Dereva akapata nafasi, akakanyaga mafuta, jibu likabaki kwenye vumbi. Kutoka hapo mpaka Mvumi sikumbuki kitu, nilikuwa karibu nizimie kabla sijazamia.

Nafika nyumbani, wanawake wamekaa kwenye mikeka, kanga vichwani, kuni zimeletwa, sufuria kubwa limeinjikwa, na katikati ni mama yangu analia kwa sauti ya chini, ile sauti ya msiba wa siku ya pili. Nikauliza nani amefariki. Mama akainua uso, akaniona, akapiga yowe, na wengine wote wakapiga yowe, jirani mmoja akakimbia akaacha kandambili zake. "Ng'wanawane!" mama akalia kwa Kisukuma, mwanangu, akanishika mikono, akanipapasa uso. "Wameturusha roho, wamesema umezamia na bibi wa Kizungu, wamesema umefungiwa kwenye mizigo na mtungi wa gesi!"

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, fimbo mapajani. Nikamwendea, nikainama. "Shikamoo baba."

Akageuza fimbo mapajani.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Jamani, baba yangu aliwahi kunichapa, aliwahi kunifukuza, lakini marahaba hajawahi kuninyima tangu nizaliwe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hili si la kucheka.

Nikaanza kueleza. Nikasema kuzamia si kule kuzamia, ni kuzamia kwa kwenye maji, likizo, wiki mbili, narudi. Nikatoa kitabu cha picha. Shangazi yangu akakifungua, akakuta picha ya Mzungu aliyevaa nguo ya mpira nyeusi mwili mzima, mdomoni ana bomba, akakitupa chini akasema huyu ameshakuwa jini. Na wakati huo huo ng'ombe wakatokea kwenye kona ya njia, Mzee Lugendo mbele, Ngasa nyuma, na nyuma kabisa, juu ya baiskeli, Kabula mwenyewe.

Baba akainuka, akaanza kuondoa magogo ya lango la zizi, gogo la kwanza, la pili. Kwetu ng'ombe wa mahari wakishavuka lango la walikotoka, ndoa imekufa, hata mlie vipi. Nikaona nina dakika chache. Maneno yamenishinda, nikasema bora waone kwa macho. Nikapiga kelele, "Tazameni! Kuzamia ni hivi!" nikavuta pumzi, nikatumbukiza kichwa kwenye hori la maji.

Ni wazo zuri ukilitazama vizuri. Ila nilisahau kwamba ng'ombe wametembea tangu alfajiri na jua lile na hawajanywa kitu. Walipoona maji hawakunijali mimi wala ndoa yangu, wakaja mbio, pua zikaingia huku na huku, mmoja akanibana bega ukutani mwa hori na mwingine akaikanyaga tai yangu iliyokuwa inaning'inia nje. Nainuka, sitoki. Navuta, tai inakaza. Nikaanza kunywa yale maji, na mate ya ng'ombe ndani yake, na nikiwa chini huko namsikia mama, "Anajiua! Mwanangu anajiua kwa aibu!" Ngasa ndiye aliyenivuta kwa mkanda wa suruali kwa nguvu zake zote, nikatoka, suruali ikaachia nyuma kuanzia juu mpaka chini, na kilichoonekana ni ile kaptura mpya ya fundi, ya maua.

Nilikohoa mpaka nikapiga magoti. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Kabula akalaza baiskeli, akaja akasimama mbele yangu.

"Hayo ya kukimbia na bibi wa Kizungu sikuyaamini hata siku moja," akasema. "Nilisema Masanja anaogopa mto Mkondoa maji yakiwa ya magotini, atazamia meli gani? Nikamwuliza Mama Vitunguu mara tatu. Nikapiga simu hotelini kwenu, mwenzako akaniambia ndiyo, anakwenda, kwani shemeji hujui? Fundi cherehani anajua. Mlinzi wa getini anajua. Mimi nilikuwa nijue lini?"

"Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtua."

Nikamwambia ukweli, maana nilikuwa nimeloa na nimechanika na sikuwa na kitu kingine cha kuficha. Nikamwambia, "Niliogopa utasema hapana. Halafu ningebaki." Na ni kweli. Mwanamke niliyetaka kuishi naye nilimwogopa zaidi ya bahari, nikawaambia watu baki wote, yeye nikamkwepa.

Ng'ombe wanakunywa. Baba ameshika gogo la mwisho, anamwangalia Kabula, si mimi. Kabula akamgeukia, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba. Rudisha magogo. Ng'ombe hawa wanarudi Rudewa."

"Marahaba, mwanangu," akasema baba.

"Lakini anawarudisha yeye. Sasa hivi, kwa miguu, kwa njia ya barabarani. Hivyo hivyo alivyo."

Nikawaswaga. Jamani, nimewaswaga ng'ombe wa mahari yangu mwenyewe kwenye barabara ya Dumila, mchana, tai imenikaa begani, kaptura ya maua iko nje, mama kanifunga kanga kiunoni inafunguka kila hatua mbili. Watu wanatoka majumbani. "Mzamiaji! Umesharudi kutoka Ulaya? Umetuletea nini?" Basi lilelile la asubuhi likapita linarudi, abiria wote wakahamia upande wangu. Kabula alikuwa pembeni anakokota baiskeli. Tulikwenda hivyo mpaka tukakaribia Rudewa, ndipo akasema bila kuniangalia, "Kwani huko maji yenyewe yana rangi gani?"

Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa nimemwambia mlinzi rangi ya yale maji, nikamwambia fundi, na mtu pekee aliyetaka kujua alikuwa anauliza leo. Nikamweleza yote, jangwa, samaki, viatu vya bata, mpaka ng'ombe wakaingia zizini kwa baba yake.

Mama Hilda nilimwandikia kwamba sitakuja. Tulioana baada ya mavuno, ofisa wa uhamiaji hakuiona tena sura yangu, na bahari sijaigusa mpaka leo. Siku hizi hata nikitaka kwenda kunyoa tu, namwambia Kabula kwanza, neno kwa neno, naenda wapi, kufanya nini, narudi lini, na namalizia kwa kumwuliza yeye ameelewa nini.