Kopo la Vifungo la Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hatupi kitu. Kitambaa kilichobaki hugeuka foronya, foronya ikichakaa hugeuka tambara. Ubaya ni kwamba hata vidonge vya hospitali alivitazama kwa jicho hilohilo. Akiandikiwa dozi ya siku saba, siku ya tatu akipata nafuu aliacha, na vilivyobaki vikaingia kwenye kopo la vifungo, kila rangi na karatasi yake.

Ukoo mzima ulitibiwa kwa kopo lile. Kikohozi kilipewa vyekundu, jino vya njano, tumbo chochote kilichozidi. Mgonjwa asipopona, kosa lilikuwa lake: "Sikio la kufa halisikii dawa." Baba yangu, mdogo wake, ni dereva wa lori. Hakuvuka mpaka bila vidonge vya dada yake mfukoni, akimeza viwili leo na kuvisahau kesho. Tulimwita Shangazi Daktari Kopo. Alijifanya kununa, lakini jina lilimkaa.

Kisha sindano ya cherehani ikamchoma dole gumba la kulia. Akameza vya njano, dole likavimba. Akameza vyekundu, likavimba mpaka likakataa kuingia kwenye mkasi. Nilipomwambia twende hospitali, alisema bado hajajaribu vya kijani. Nilimburuta, na sioni haya kusema.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko hata ile cherehani. Usaha ulipopimwa maabara, alirudi na karatasi, hana utani.

"Mama, vijidudu hivi tumevijaribia dawa kumi na moja. Kumi havizisikii kabisa. Imebaki moja, ya mwisho, ya kupitia kwenye mshipa. Nayo ikishindwa, tutakata kidole."

Fundi bila dole gumba atashika nini? Niliogopa sana.

"Vimetoka wapi?" akauliza Shangazi.

"Siku hizi tunavipata hapa, miji ya jirani, hata ng'ambo ya mpaka. Dawa ikimezwa nusunusu, vidudu dhaifu vinakufa, vile sugu vinabaki. Vinazaana, vinasafiri na watu."

"Na malori?"

"Hata malori, mama."



Alilazwa siku kumi. Siku ya nne, uvimbe ulipopungua, nilimsikia akimnong'oneza muuguzi, "Mwanangu, mimi nimepona. Hiyo iliyobaki nimiminie kwenye chupa." Kumbe mazoea yana tabu. Muuguzi alivuta kiti, akakaa hapo mpaka tone la mwisho, na kila siku ikawa hivyo. Dole likapona, likabaki na kovu.

Aliporudi nyumbani, vidonge vyote alivipeleka duka la dawa wakaviteketeze. Mwezi uliofuata Baba akaja na jeraha mguuni, akafungua kopo, akakuta vifungo. Dada yake akampeleka hospitali kama mtoto wa chekechea, kisha kila asubuhi na jioni akawa anasimama mbele ya mdomo wake mpaka ameze vidonge alivyoandikiwa.

Siku ya tano Baba akasema, "Dada, mguu umeshapona. Hivi vinne si tuviweke akiba? Huenda mtu akaumwa."

 Shangazi alimwinulia lile dole lenye kovu, na mkono wa pili ulikuwa umeshashika glasi ya maji.