Gari Lililochaguliwa kwa Futi Kamba

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na katika miaka thelathini ya kushona kwake sijapata kumwona akitoka nyumbani bila futi kamba shingoni. Ameivaa msibani, ameivaa benki, na siku ya mahafali yangu ya chuo kikuu aliivaa juu ya gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, hata kila picha yangu ya shahada ina ukanda wa njano wenye tarakimu pembeni. Nayasema haya mapema ili mtu asishangae nikieleza kwamba mwanamke huyu, alipoamua kununua gari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini na mitatu, hakuanza kwa kuuliza rangi, wala injini, wala unywaji wa mafuta. Alianza kwa kupima kiti cha Mama.

Magoti ya mama yetu yaligoma miaka mitatu iliyopita. Kiti chake cha sebuleni kiliongezewa miguu na seremala, na kutoka kwenye kiti hicho Mama huinuka mwenyewe, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili ukiwa tayari kumzuia yeyote anayekuja kumsaidia. Miezi minane iliyopita tulimrudisha kutoka kliniki kwa gari la kukodi lililolala chini kama kitanda cha mtoto. Akakwama ndani. Wanaume wawili wa jirani wakamshika kwapani wakamtoa, kitambaa chake cha kichwa kikaanguka, na watu wa nyumba tatu wakatoka kutazama. Alipokwisha kukaa kwenye kiti chake alituambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sibebwi tena. Siku nyingine ya kubebwa nitakuwa sina habari."

Tangu siku hiyo hakuvuka geti. Daktari tulimleta nyumbani. Lakini Mama Mdogo, yaani mdogo wake Mama, ambaye nyonga yake ilivunjika na hawezi safari ya aina yoyote, anakaa upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa. Wanawake hawa wawili waliokulia kitanda kimoja wamekuwa wakigombana kwa simu kila siku kwa miezi minane bila kuonana uso kwa uso. Ndiyo maana Dada alitaka gari. Si gari la kutembelea, alisema. Gari ambalo Mama ataingia na kutoka kwa miguu yake.

Alikipima kiti cha sebuleni jinsi anavyopima kila kitu, kwa mikupuo miwili ya mkono na penseli iliyotoka nyweleni mwake, akafungua ukurasa mpya katika daftari la wateja. Mahali ambapo kwa wengine huandika bega, kifua na kiuno, aliandika mstari mmoja tu: *Kiti cha Mama, inchi ishirini na mbili na nusu.* Gari lolote lenye kiti kilicho chini ya hapo halikuwa letu.

Aina ya gari aliijua tayari. Alitaka ile modeli ndogo ya familia ambayo kila fundi wa mtaani anaweza kuifungua akiwa amefumba macho, na ambayo vipuri vyake vinauzwa hadi kwenye maduka ya misumari. Swali lilikuwa ni ya kizazi kipi. Kampuni imekwisha kuitoa mara nne, na mafundi wamevibatiza vizazi vyote isipokuwa cha mwisho: cha kwanza ni Sanduku, kwa pembe zake, cha pili ni Yai, cha tatu ni Kiatu, kwa sababu pua yake imechongoka. Cha nne bado hakina jina, kwa kuwa hakuna fundi ambaye amekwisha kuletewa kikiwa kimeharibika.

Tulikwenda watatu: Dada, mimi, na fundi wa magari ambaye mtaa mzima unamwita Kimya, kwa kuwa husema maneno kumi kwa siku na manane kati ya hayo ni "hapana."

Tulianza na jipya. Duka lilikuwa na sakafu nyeupe inayong'aa kiasi kwamba Dada alisita kuikanyaga. Muuzaji, aliyefunga tai nyembamba kama mkanda wa saa, alitupita sisi wawili akaenda kumpa Kimya mkono.

"Karibu sana, bosi. Hii imeingia juzi. Skrini ya inchi nane, kamera ya nyuma, dhamana miaka mitatu."

"Kiti kina inchi ngapi kutoka chini?" Dada akauliza.

Muuzaji akatabasamu, akamgeukia Kimya. "Mama huyu anapenda rangi gani?"

Mimi nimefanya kazi ofisi ya takwimu kwa miaka ishirini na mbili. Nimekwisha kukaa katika vikao ambamo hoja yangu ilipuuzwa hadi iliporudiwa na mwanamume aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu, nayo ikapigiwa makofi. Ninaijua hali hiyo kwa harufu. Kwa hiyo niliweka mkoba wangu juu ya boneti ya gari lake jipya, taratibu, nikamwambia: "Aliyekuuliza ni huyu. Anayenunua ni huyu. Huyo unayemwita bosi tumemleta asikilize injini, na mpaka sasa amekusikiliza wewe tu."

"Hapana," akasema Kimya. Hatukujua alikuwa akikataa nini, lakini muuzaji alirudi nyuma hatua moja.

Dada alikuwa amekwisha kupiga magoti juu ya sakafu ile nyeupe, futi kamba imenyooka kutoka kigae hadi ukingo wa kiti. "Kumi na nane na nusu," akasoma. "Humu Mama atahitaji winchi."

"Wameishusha makusudi, mama," muuzaji akaeleza, safari hii akimtazama mwenyewe. "Inakuwa na umbo la kimichezo."

Niliyatafakari maneno hayo njia nzima, na bado yananichoma. Kila kizazi cha gari lile kimekaa chini kuliko kilichotangulia, na paa limeinamishwa zaidi, na kila mara tangazo limeliita jambo hilo maendeleo. Ningependa kufahamu ni magoti ya nani yaliyoulizwa. Mahali fulani kuna chumba chenye meza ndefu, na kuizunguka wamekaa watu ambao hawajapata kumwingiza mama yao ndani ya gari, nao wameafikiana kwamba gari la familia lifanane na kitu kinachokimbia mashindano. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza kuhusu bibi.

Kiatu tulikiona katika yadi ya magari yaliyotumika, kimeoshwa hadi matairi yanang'aa. Inchi kumi na tisa. Mwenye yadi alimwuliza Dada kama anapima ili ashone vitambaa vya viti. Dada akamjibu kwamba anapima ili ajue kama kuna haja ya kuendelea kuzungumza naye, na hapakuwa na haja.

Yai lilikuwa la bwana mmoja aliyeapa kwa watoto wake wote kwamba halijapata tatizo hata siku moja. Inchi ishirini. Kimya aliinua zulia la chini ya kiti cha abiria, akakwangua kwa ukucha, akatuonyesha tope kavu lililojificha kwenye reli za kiti. Gari lilikuwa limewahi kuogelea.

"Hapana," akasema, na safari hii tulimwelewa.

Sanduku lilikuwa la mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja mrefu aliyetupokea barazani miwani ikining'inia kifuani. Alilinunua jipya miaka mingi iliyopita, akaliendesha kwenda shuleni na kurudi, basi. Paa lilikuwa limepauka kwa jua, na mlango mmoja ulikuwa na mkwaruzo ambao alituonyesha mwenyewe kabla hatujauona. "Huu ni geti la shule," akasema. "Kosa langu." Kisha akaleta daftari la mistari ambamo kila badiliko la oili, kila plagi na kila tairi vilikuwa vimeandikwa kwa wino wa buluu, tarehe zimepigiwa mstari kwa rula.

Kimya aliwasha injini. Akasimama kando yake muda mrefu ameinamisha kichwa, kisha akafanya jambo ambalo sijapata kuliona tena: alisema sentensi mbili. "Hii imelelewa. Chukua hii, dada."

Dada alipiga magoti. Milango ya Sanduku hufunguka kwa upana kama ya kabati, na paa lake limekaa mbali na kichwa cha mtu kwa heshima inayostahili. Nilimwona akisoma futi kamba, akasoma tena, akafungua daftari lake. "Ishirini na moja na robo," akasema polepole. "Haifiki. Inapungua inchi nzima na robo."

"Inchi moja tu, Dada."

"Mdogo wangu, gauni likipungua inchi moja bibi harusi hapumui."

Mwalimu alituambia bila kinyongo kwamba kuna bwana mwingine anakuja Jumamosi saa nne asubuhi, naye amekwisha kusema atalichukua. Dada alimshukuru. Alipotoka getini aliizungusha futi kamba mkononi mpaka ikawa donge, na hilo hulifanya tu mteja anapokufa kabla nguo haijakwisha.

Siku ya Ijumaa nilipita kwa Mama baada ya kazi. Alikuwa kwenye kiti chake, simu imekatwa, amenuna.

"Mdogo wangu anasema nimenenepa," akasema. "Amenionea wapi? Na ninyi mmenunua gari au mnapiga picha tu?"

Nikamweleza yote. Sakafu nyeupe, Kiatu, tope la Yai, na lile Sanduku zuri linalopungua inchi moja na robo. Mama alinisikiliza akichezea kichwa cha fimbo.

"Limepungua kutoka ngapi?"

"Kutoka ishirini na mbili na nusu. Kiti chako."

"Nani kasema kiti changu ni ishirini na mbili na nusu?"

"Dada alikipima. Kipimo kiko kwenye daftari."

Mama akaacha kuchezea fimbo. Sasa, mtu asiyemjua afahamu kwamba aliyemfundisha Dada kushona ni Mama huyu huyu, kwenye cherehani ya mkono, mezani jikoni, akiwa na rula ya mbao iliyokuwa na kazi mbili. "Fungua droo," akasema. "Lete futi yangu."

Nikapiga magoti nikapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa kiti. Nikapima tena. Mimi, mtu wa takwimu, ambaye kwa siku tano nilizunguka mji nikiwa na tarakimu ambayo sikuihakiki, nilisoma inchi ishirini na moja kamili.

"Moja na nusu imetoka wapi?" nikauliza.

Mama alikuwa ameanza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega yanapanda na kushuka, kisha kwa sauti, mpaka akafuta macho kwa upindo wa gauni. "Ameacha ya mshono," akasema. "Nilimpiga vidole mwaka mzima: ukipima, ongeza inchi na nusu ya mshono ndipo uandike. Usiandike kipimo kitupu. Mtoto kasikia. Amekiachia kiti nafasi ya mshono."

Nilimpigia Dada simu. Nilipomweleza, nikasikia cherehani ikisimamishwa ghafla. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa watoto, "Usimwambie Mama."

"Mama ndiye aliyegundua."

Mama akaninyang'anya simu. "Wewe binti," akasema, "hilo gari liletwe hapa. Kesho, kabla ya huyo bwana wa saa nne. Safari hii nitapima mwenyewe, na sipimi kwa futi."

Mwalimu mstaafu, tulipomweleza kilichotokea, alisema kwamba katika miaka yake yote ya kusahihisha hajapata kukutana na kosa lililofanywa kwa utiifu kiasi hicho. Saa tatu na nusu asubuhi ya Jumamosi alisimamisha Sanduku mbele ya geti letu, akabaki nyuma ya usukani, injini ikinguruma polepole.

Mama alitoka amevaa gauni la kijani ambalo Dada alimshonea kwa ajili ya safari ambazo hazikufanyika. Majirani wa nyumba tatu walikuwa nje, kwa bahati, wote wakifagia. Dada alisogea mkono mbele.

"Rudi nyuma," Mama akamwambia. "Na wewe wa takwimu, rudi nyuma."

Akashika fremu ya mlango. Akageuka, mgongo kwa kiti. Akakaa, na kiti kikampokea pale pale alipokitarajia, bila kumdondosha. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akaweka fimbo katikati. Kisha, kabla hatujasema neno, akatoa miguu tena, akasimama wima mwenyewe, akawatazama majirani mmoja mmoja, akakaa tena. Akavuta mlango ukafunga.

"Sawa," akamwambia mwalimu. "Twende."

"Twende wapi, mama? Hatujaandikiana hata karatasi."

"Mtaandikiana huko huko. Nyoosha moja kwa moja, nitakuonyesha pa kukata."

Mimi na Dada tulijitupa kiti cha nyuma. Njiani Mama alimsimulia mwalimu habari za vidole na rula, mwalimu akacheka mpaka akakosa gia, na Dada alitazama nje dirishani, akitabasamu kama mtu anayeshtakiwa kwa kosa analolipenda. Saa nne ilipotimia, simu ya mwalimu iliita. "Samahani, bwana," akasema, "gari lina wenyewe. Wamo ndani."

Mama Mdogo alikuwa amekaa barazani kwake, mto chini ya nyonga, simu mkononi, akisubiri ipigwe. Alipoliona gari alinyoosha shingo. Akamwona Mama akifungua mlango, akitoa mguu mmoja, akitoa wa pili, akiinuka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameshuka bado.

"Nani amekutoa humo?" Mama Mdogo akauliza kwa sauti iliyokatika katikati.

"Nimejitoa," Mama akasema, akianza kupanda njia ya baraza kwa fimbo yake. "Sasa nitazame vizuri uniambie nimenenepa wapi."