Dawa Niliyoizuia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, atupaye pumzi bila ya kumwomba na kuichukua kwa wakati aujuao Yeye. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ahali zake na masahaba zake.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa majahazi kisiwani Jibondo. Saratani ilipofika kwenye ini, hospitali ilimrudisha nyumbani na chupa ya dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Mkewe alimuuguza peke yake. Mwani aliokuwa akiulima ulibaki baharini, haukuvunwa.

Nilivuka kwenda kukaa nao. Siku ya kwanza nikauliza ile chupa ni ya nini, nikaambiwa mofini.

“Hii inalevya, shemeji,” nikasema. “Akifa akili haipo, shahada ataitamka vipi? Iache. Asubiri.”

Nimesomesha madrasa miaka mingi. Hakubishana nami. Alisema, “Haya, shemeji,” akaiweka juu ya kabati.

Ikakaa huko siku mbili. Nilisoma Yasini, na kilio cha mgonjwa kikaimeza sauti yangu. Wageni walikuja kumjulia hali, wakasoma, wakala, wakaondoka. Shemeji aliwapikia wote. Siku ya pili baada ya Adhuhuri nilimkuta mlangoni pa jiko, ungo wa mchele mapajani, hachambui.

“Umekula?”

“Sijui.”

Ndani, mdogo wangu aliniita. “Kaka, umekuja kunisomea au kunihukumu?”

“Kukusomea.”

“Basi tangu jana sijasikia hata aya moja. Nasikia tumbo tu.”

Nilitoka nikakaa barazani. Kwamba dharura huruhusu kilichokatazwa, nimewafundisha watoto wa watu mara nyingi, wakakariri. Mimi sikukumbuka. Nilirudi nikaishusha chupa, nikampa mkewe. Hakuipokea.

“Naogopa,” akasema. “Akiinywa akafa, watasema nimemuua. Na wewe ndiye uliyesema iachwe.”

Hapo ndipo nilipoona nilichomtwika.

“Nilikosea. Lete hilo bomba la kupimia dawa. Kuanzia sasa nampa mimi. Nenda kalale.”

“Na wageni?”

“Chai nitawapikia mimi.”

Alinitazama. “Kwa chai yako, shemeji, hawarudi tena.” Akaingia chumbani, akalala mpaka Magharibi.

Mdogo wangu alikunywa kipimo alichoandikiwa na daktari. Uso wake ukalegea. Siku nne zilizofuata aliniambia nisome polepole, na mara nyingine aliitamka shahada mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeitika salamu. Shemeji alikwenda kuvuna mwani wake maji yalipokupwa, akarudi, akala.

Siku ya nne nilimpa dawa baada ya Alfajiri. Kabla ya Adhuhuri pumzi ilikatika akiwa usingizini.

Mkewe alisimama mlangoni. “Dawa ya mwisho nani aliyempa?”

“Mimi.”

Aliitikia kwa kichwa, akakaa chini, miguu ameinyoosha.

Sikulia. Nilikunja mkeka, nikaenda kuwaita waoshaji. Mpaka leo nikitafuta machozi nazikuta zile siku mbili tu, nami nashukuru kwamba Mola bado ananipa muda wa kuziombea msamaha.

Ewe usomaye, kama unauguza, Mwenyezi Mungu akuletee mtu wa kukupokea zamu ukalale, aukubali uuguzi wako, na asikuachie wewe peke yako mzigo wa kipimo cha mwisho. Amin.