Figo ya Mdogo Wangu

Mwaka ule nilivaa sweta kwenye joto la Lodwar, tena mchana. Walimu wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Mwanzoni na mimi nilicheka, halafu nikaanza kuwachukia, kwa sababu baridi niliyosikia ilikuwa ya kweli. Mtaani kwetu watu hutandika magodoro uani wapate upepo. Mimi nilijifungia ndani na blanketi nzito niliyotoka nayo kwetu Kisii.

Nilikuwa nimepimwa damu katika hospitali moja pale mjini kwa sababu ya uchovu na uso uliovimba. Wakaniambia kretinini iko juu. Hiyo ni takataka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo huichuja ikatoka kwa mkojo. Ikirundikana kwenye damu, wa kwanza kushukiwa ni figo. Waliporudia kipimo ikawa imepanda zaidi, nikaambiwa nianze kufikiria ni nani katika jamaa zangu anaweza kunipa figo moja.

Lodwar, ukiugua figo, mshtakiwa ni maji ya kisima yenye chumvi. Majirani wote walinipa hukumu hiyo. Nikaacha maji ya kisima, nikaacha chumvi, nikaacha nyama, nikabaki na hasira tupu. Sauti ilipoanza kukwaruza nilisingizia vumbi. Mengine yote nilizibebesha figo.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ana saluni Kakuma. Wateja wake wengi ni wanawake wa Sudan Kusini wanaotoka kambi ya wakimbizi. Nilimpigia simu nikitegemea atalia.

"Si mimi niko na mbili, dada?" akasema. "Chukua moja tunyamaze."

Nilimkatia simu. Huyu nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na alikuwa hajazaa bado. Leo apasuliwe ubavu kwa ajili yangu? Lakini nitasema kweli: niliitaka ile figo. Niliitaka sana, na nikaona haya kuitaka.

Akashikilia kwamba twende hospitali kubwa ya Eldoret apimwe kama tunalingana. Nikafunga safari hadi Kakuma kumkataza uso kwa uso. Maneno yangu hakuyasikiliza. Alinikalisha kwenye kiti cha saluni anichane, ili angalau nisafiri nikiwa nadhifu, na nywele zikaja na kitana. Alizitazama mkononi, akaacha utani. Akafunga saluni, akaniburuta hospitali.

Daktari wa pale, kijana Mturkana, alisoma karatasi zangu za Lodwar, kisha akaitazama sweta, akanisalimia kwa Kiturkana.

"Ejok, mama. Na hii jua, hiyo sweta ni ya nini?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba figo zinanipa baridi. Akasema inawezekana, ila yeye anamshuku mshtakiwa mwingine. Akanipapasa koo. Akauliza kuhusu choo, sauti na nywele. La nywele mdogo wangu alilijibu kabla sijafungua mdomo. Damu ikachukuliwa tena, safari hii kupima tezi iliyoko kooni.

Majibu yalipokuja, tezi ilikuwa imelegea kabisa. Daktari akanieleza kwamba hiyo ndiyo hupanga mwendo wa mwili mzima. Ikilegea, hata damu hupita polepole kwenye figo, kretinini ikajaa, ingawa figo zenyewe huenda ni nzima. Hakuniahidi lolote. Alisema tutibu tezi kwanza, tupime tena, Eldoret ingoje. Mdogo wangu akamwambia yeye na figo yake wapo, wakihitajika waitwe.

Nikarudi Lodwar na vidonge vya kumeza kila asubuhi kabla ya chai. Majuma ya mwanzo sikuona tofauti yoyote, na daktari nilimtukana kimoyomoyo. Halafu uso ukaanza kushuka. Kretinini nayo ikashuka, kipimo kilichofuata ikashuka tena, hadi ikafika pale ilipo ya watu wenye afya. Vidonge nitameza maisha yangu yote, lakini nusu shari kuliko shari kamili.

Majibu ya mwisho sikumwambia kwa simu. Nilienda nayo Kakuma, nikamkuta saa za adhuhuri anamsuka mteja, wengine wamekaa kwenye benchi wakisubiri. Alinisalimia kwa macho tu, mikono ikiendelea. Nikakaa karibu na mlango. Kulikuwa na kipande cha katoni sakafuni, nikakiokota na kuanza kujipepea. Ndipo nikagundua kwamba sweta nimeiacha nyumbani, na mgongo umelowa.

"Leo kuna joto," nikasema.

Mikono yake ikasimama kwenye kichwa cha mteja.

"Sema tena, dada."

Nikasema tena. Akakaa chini kwenye sakafu yenye nywele za watu, akalia mbele ya wateja wake wote.