Siku Wanawake Walipovaa Mashuka Yetu

Mwaka 2006 nilikuwa na miaka arobaini na moja, na taabu ilinikuta nimekaa juu ya mkokoteni nikipiga misumari. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Mke wangu Mbeleje alikuwa anatwanga uwele, ananicheka kwamba gurudumu langu limekaa upande kama mlevi anayetoka kilabuni. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini ng'ombe niliokuwa nao nilinunua mmoja mmoja mnadani. Sikurithi hata mkia.

Ndipo akaja mtu kutuambia kwamba mtemi amefariki.

Wasomi wa mjini wataniambia watemi walifutwa zamani. Walifutwa serikalini. Kwetu mtemi aliendelea kutunza mawe ya mvua, na watu waliendelea kwenda kwake kuomba ruhusa ya kupanda. Aliyefariki alikuwa mjomba wangu. Hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo kigoda kikamwangukia binti yake Sechelela, mjane wa miaka thelathini na kitu, amebatizwa, tena mwimbaji wa kwaya.

Kijiji chetu kimekatwa na korongo. Ng'ambo ya pili tunapaita Juu, na huko wako watu wa kanisa. Sisi wa Bondeni wengi tulikuwa bado na mambo ya wazee. Tulioana, tulizikana, tulinywesha ng'ombe kisima kimoja. Sasa wazee wa kanisa wakamwambia Sechelela akayatupe yale mawe. Wazee wa Bondeni wakamwambia mkono ulioshika Biblia usiyaguse. Aliwajibu wote siku moja, mbele ya nyumba ya baba yake, nami nikiwepo.

"Mawe ni ya baba. Ubatizo ni wangu. Situpi hiki wala kile."

Wakaondoka wote wamenuna, kila upande kwa njia yake.

Mvua haikuja. Juu walisema Mungu amechukizwa na mawe. Bondeni walisema mawe yamechukizwa na ubatizo. Kisima kikapungua, ng'ombe wakaanza kusukumana, na siku moja wachunga ng'ombe wakapigana kwa fimbo pale pale kwenye maji. Mtu wetu mmoja hakuinuka. Siku hiyo hiyo zizi moja la Juu likachomwa.

Serikali iliita vurugu. Mimi naita vita. Mtu anapokwenda kulima na upinde mgongoni, na mkewe anapika kwa moto mdogo ili moshi usionekane, basi hivyo ni vita. Polisi walikuja, wakakaa, wakaondoka, na walipoondoka nyumba zikaungua tena. Majeruhi tuliwabeba kwenye mkokoteni wangu. Mbao zake zikawa nyeusi, nikasugua na mchanga, hazikutakata.

Sechelela alikuwa anavuka korongo peke yake, huku na huko, akisema na watu. Juu walimwita Malkia wa Mawe. Kwetu walimwita Mama Kwaya. Hakuna aliyemgusa, na hakuna aliyemsikiliza.

Mwisho akaamua kufanya jambo ambalo kwetu Wagogo hufanywa nchi ikichafuka. Wanawake huvaa nguo za waume zao, hushika mikuki na fimbo, huswaga ng'ombe, huupeleka ule uchafu hadi kwenye mpaka wa magharibi na kuutupa huko. Wanaume hubaki ndani, milango imefungwa. Kwa desturi ya kijiji chetu huenda kimya; kuimba ni mpakani. Na njia ya kwenda mpakani inapita kwenye korongo, chini kabisa ya Juu.

Alituma habari kwa wazee wa Juu. Wakapokea. Mama zao wenyewe waliwahi kufanya mambo hayo, wakasema hawatazuia. Lakini vijana wao waliokuwa wanalinda korongo hawakuambiwa. Kule ilikuwa aibu kuyataja mambo ya zamani mbele ya watoto, na vijana wale walikuwa wamelelewa bila hata kusikia kwamba yapo. Kila mzee alidhani mwenzake ndiye atakayesema.

Mbeleje alivaa shuka langu jeusi na kofia yangu, akachukua mkuki wangu. Akanizunguka akinikagua kama mume anayekagua jiko.

"Leo wewe ndiye unapika," akasema. "Usiunguze."

Nikafunga mlango.

Nilisikia kwato. Nikasikia miguu mingi, bila sauti ya mtu. Ikapungua, ikapotea.

Kisha mbwa wa Juu.

Kisha filimbi, ile ya walinzi.

Kelele za kwanza hazikuwa za wanaume.

Halafu sauti ya kijana, kutoka ng'ambo, analia kabisa: "Acheni, ni akina mama. Acheni."

Nikavunja mwiko. Nikatoka mbio.

Vumbi la ng'ombe lilikuwa bado juu. Vijana wamesimama ukingoni, pinde mikononi, wameganda. Walikuwa wameona mashuka na mikuki. Mtu asiyefundishwa angeona nini kingine? Wanawake wawili walikuwa wamejeruhiwa, hao walikuja kupona. Mbeleje alilala kwa ubavu, mshale umeingia chini ya kwapa, Sechelela amemshika kichwa.

"Baba Masaka," mke wangu akasema, "shuka lako limetoboka."

Nikamwambia nitalishona. Hakusema tena.

Wanaume wa Bondeni wakajaa uani kwangu na silaha zao. Hakuna aliyeniuliza kitu, lakini wote walikuwa wananitazama mdomo, maana kwetu mwenye msiba ndiye anayetoa neno. Sechelela akaja, akaketi chini mchangani, jambo ambalo mtemi hafanyi.

"Kaka," akasema, "hawa wanakusubiri wewe, si mimi. Ukisema waende, nitabaki kutawala makaburi."

Nilitaka kusema waende. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nilikuwa na hasira naye pia, na mawe yake, na Biblia yake. Nikamwuliza kama aliwapelekea habari watu wa Juu. Akasema alipeleka. Nikamwuliza alimpa nani. Akatazama mchanga. Nikarudia mbele ya watu wote, akaendelea kutazama mchanga. Angemtaja mzee mmoja tu jina, yule mzee asingeliona jua likizama, na sisi tungefuatia.

Nikasimama.

"Wekeni mikuki chini," nikasema. "Tunachimba kaburi kwanza."

Wakati wa kuzika, wanawake wa Juu walivuka korongo. Walikuwa wamevaa suruali na makoti ya waume zao, na mikononi wamebeba pinde za watoto wao. Hawakuomba ruhusa kanisani wala kwetu. Tulipomaliza kufukia wakaungana na wanawake wetu, wakaenda mpakani, wakazitupa zile pinde huko. Sisi wanaume wa pande zote mbili tulifungiwa ndani.

Vita vikaisha. Mvua ilikuja msimu uliofuata, na sisemi ililetwa na nani. Sechelela bado ni mtemi, bado anaimba kwaya, na bado wapo wanaomnunia huku na huko.

Juu walileta ng'ombe wa damu. Niliwapokea. Watu wakanisema kwamba nimemuuza mke. Nikawajibu kuwa anayekataa ng'ombe bado anataka damu. Kijana aliyepiga namjua. Tukikutana ananipa shikamoo, naitikia marahaba, kila mtu anaendelea na njia yake.

Leo nina miaka sitini. Nina nyumba ya tofali za kuchoma mjini, Ipagala. Nina vyumba vya kupangisha Miyuji, na mashine ya kusaga Chang'ombe. Nina shamba la zabibu. Nina watoto watatu, wote wamenizidi kusoma. Mke sina, walinishauri nioe mwingine, nikawaambia waache. Mkuki sina. Kijijini nina ng'ombe wale wa damu pamoja na uzao wao, na sijauza wala kuchinja hata mmoja.

Hivyo vyote nimevitafuta kwa mikono yangu, isipokuwa hao ng'ombe.