Jiwe Ambalo Were Hakulipima

Usipige chapa jiwe la mizani ambalo hujalipima kwa mikono yako mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya Lazarus Were, mkaguzi wa vipimo mjini Nairobi, na aliishika miaka tisa bila kuyumba. Aliivunja mara moja tu, asubuhi ya Jumanne moja ya Machi mwaka 1971, katika duka la nafaka huko Riruta.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka mkaguzi aliwazungukia wauzaji. Aliweka jiwe la muuzaji upande mmoja wa mizani yake ya shaba, na jiwe la serikali upande wa pili. Yakilingana, alilipindua lile la muuzaji. Chini yake palikuwa na tundu dogo lililojazwa risasi, madini laini, naye aliigonga hapo kwa nyundo chapa ya mwaka huo. Kuanzia siku hiyo, mnunuzi asiyejua kusoma aliweza kupapasa chini ya jiwe kwa kidole, akaisikia chapa, akatoa kikapu chake bila wasiwasi. Kazi ya Were ilikuwa kumfanya mtu maskini aweze kuamini.

Na aliifanya vizuri. Hakunywa hata soda ya muuzaji. Mwaka 1966 mfanyabiashara mmoja wa jumla pale Ngara alimchomekea pakiti ya sukari kwenye keria ya baiskeli huku akimuaga kwa tabasamu. Were alikwenda hadi kona, akaiona, akageuka. Aliiweka ile pakiti kwenye mizani ya mwenye duka, mbele ya wateja.

"Hapa imeandikwa ratili mbili," akasema. "Mizani yako inasema hazifiki. Bwana, hata hongo unaipunja?"

Watu walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Mizani ile ilichukuliwa siku hiyo hiyo, na sukari ikaenda nayo kama ushahidi.

Mtu kama huyo unaweza kudhani hana upande wa kushikwa. Lakini kila mtu anao. Were alikuwa Mbukusu wa Kimilili, mmoja wa Waluhya wa magharibi, na kwa Wabukusu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Haitokani na uadui. Ni heshima, tena heshima nzito kuliko nyingine zote. Mama mkwe wake, Namalwa, alikuja Nairobi mwaka 1969 baada ya kufiwa na mumewe, akafungua duka la mahindi na maharagwe Riruta. Were aliomba ofisini kwamba sehemu ile akague mwenzake, Mwendwa, na ombi likakubaliwa.

Kisha ukafika wakati wa kuziacha ratili na kuingia kwenye kilo. Kila jiwe mjini lilitakiwa chapa mpya. Katikati ya kazi hiyo Mwendwa akalazwa kwa malaria.

"Nenda Riruta wewe," akasema mkubwa wao, Bwana Oloo.

"Mzee, kule kuna mama mkwe wangu."

"Kwani mama mkwe wako ni simba? Piga chapa, urudi."

Hapo Were alipaswa kukataa kwa maandishi. Hakukataa. Wapo wanaosema alilazimishwa. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mtu aliyeweza kurudi na pakiti ya sukari kutoka kona ya Ngara alijua vizuri jinsi ya kusema hapana.

Duka la Namalwa lilikuwa chumba kimoja kisicho na mlango wa nyuma. Mama alipomwona mkwewe kizingitini alijifunika leso, akageukia ukuta. Were naye akatazama miguu yake. Kati yao alikuwapo Kalekye, mwanamke Mkamba aliyekuwa akimsaidia mama kuuza.

"Kalekye," mama akauambia ukuta, "mwambie mwenye binti yangu kwamba nimemsalimu."

"Mama anakusalimu," akasema Kalekye, ingawa walikuwa hatua tatu tu.

"Mwambie nimepokea. Mwambie nimekuja kuona mawe."

"Mama, amekuja kuona mawe."

"Nimesikia, mimi si kiziwi! Mpe ayaonee huko nje. Nimeyanunua juzi, mapya kabisa."

Kalekye akacheka akiyabeba. "Nyinyi Waluhya! Kwetu Ukambani mngekuwa mmeshakaa mkanywa uji."

Mawe yalikuwa manne, yaking'aa kwa rangi mpya. Mizani ya shaba haifanyi kazi bila meza iliyonyooka, na meza ya pekee ilikuwa kaunta iliyokuwa mbele ya magoti ya mama mkwe. Nje mvua ilikuwa imenyesha na palikuwa tope tupu. Were aliyapindua mawe pale kizingitini, akaiona risasi mahali pake, akayagonga chapa yote manne. Kisha akaandika katika daftari la ukaguzi: yamepimwa, ni sahihi.

Hayakuwa sahihi. Namalwa alikuwa ameyanunua kwa mchuuzi aliyezunguka na mawe ya kilo kwenye mkokoteni wake wakati kila muuzaji alikuwa akiyatafuta. Mawili makubwa yalikuwa yametobolewa ndani, yakajazwa nta, na juu yake ukamiminwa utando mwembamba wa risasi. Mama hakujua. Mtu mmoja tu alikuwa amewekwa na serikali ili ajue.

Mwezi wa Mei alifika ofisini mjini mwanamke mmoja aitwaye Ndunge, kiondo mgongoni. Alikuwa akiwapikia mafundi githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu na Kenyatta Market. Wiki nyingi sufuria yake ilikuwa ikiisha kabla ya wateja kwisha. Alijilaumu kwanza, akadhani anapakua kwa mkono mwepesi. Mwishowe aliyapima upya maharagwe yake kwenye kibanda cha rafiki yake, akakuta yanapungua. Akarudia wiki tatu mfululizo ili asimsingizie mtu.

"Nilienda Riruta nikapapasa hiyo jiwe," akamwambia Were. "Iko na chapa yenu. Nimeigusa na hiki kidole. Ama siku hizi serikali inapima na macho?"

Were alimuuliza ni duka la nani. Alipolitaja, hakuhitaji kufungua daftari, lakini alilifungua, akausoma mwandiko wake mwenyewe. Karani wa meza ya pili alikuwa akisikiliza.

"Mama," Were akasema, "chapa hiyo niliipiga mimi. Sikulipima jiwe."

Ndunge aliteremsha kiondo chake sakafuni. "Sasa wewe ndiye nilikuja kukushtaki?"

"Ni mimi."

"Haya basi, andika. Na uandike vizuri, si kama siku ile."

Aliandika. Bwana Oloo alipoiona ile karatasi alifunga mlango.

"Were, una wazimu? Nenda jioni ya leo, wabadilishie mawe, mambo yaishe. Nani atajua?"

"Daftari linasema niliyapima."

"Basi ukiyabadilisha utayapima. Daftari litakuwa kweli."

"Litakuwa kweli kuanzia leo, mzee. Huyo mama wa githeri amekula hasara tangu Machi."

"Unajua sheria haiulizi kama mwenye duka alijua au hakujua? Ukipeleka hili mbele, mama mkwe wako atasimama kizimbani. Na wewe nitalazimika kukuandikia barua, utake usitake."

"Iandike, mzee."

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Mkewe, Lornah Nakhumicha, hakuwa mtu mbaya, na alisema yale ambayo mke yeyote mwenye mama angesema. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, bado amevaa kitambaa chake cha kanisani.

"Baba Nashon, nipe mawe mazuri. Nitayabeba kwenye kikapu chini ya majani ya sukuma wiki, nimpelekee mama, yale mabaya tuyatupe mtoni. Hakuna aliyeiba."

"Na lile daftari utalibeba kwenye nini?"

"Daftari, daftari! Daftari lilikuzalia watoto?"

Lornah akashusha sauti. "Mama yangu ataitwa mwizi mbele ya watu, na ni wewe utakayemwita."

"Nitasema hakujua. Nitaapa hivyo. Lakini sitasema nilipima. Nakuomba uniendee, umweleze kabla sijafika. Mimi siwezi kusema naye, unajua."

"Sitakuwa mdomo wako," akasema Lornah. "Ukitaka kumvunjia mama heshima, nenda ukaivunje mwenyewe."

Jumatatu saa nne asubuhi Were aliingia dukani Riruta na sanduku lake la mawe ya serikali. Hakusimama kizingitini. Alizunguka kaunta, na wateja waliojua desturi wakaguna. Namalwa akajivuta ukutani, leso usoni.

"Kalekye! Mwambie huyo mtu amepita pasipo na njia!"

"Kalekye, nyamaza," akasema Were. "Mama, ni mimi ninasema na wewe."

Kalekye alifunika mdomo kwa mkono. Were aliweka mizani ya shaba juu ya kaunta, akapima jiwe la kwanza, la pili, la tatu, la nne, bila haraka, kama alivyopaswa kufanya mwezi wa Machi. Madogo mawili yalilingana. Makubwa mawili yalipanda juu. Akachukua kisu, akakwangua risasi, na nta ikatoka kama funza.

"Nyote mnaonunua hapa," akawaambia wateja, "mlipunjwa tangu mwezi wa tatu. Mama huyu aliuziwa mawe haya na tapeli, hakujua. Mimi niliwekwa nijue. Niliyapiga chapa bila kuyapima. Kama kuna wa kutukanwa, ni mimi."

Mzee mmoja mnunuzi wa mahindi akasema, "Sasa wewe, si ungetuambia tu yameharibika?"

"Ningewadanganya mara ya pili, baba."

Ndipo Namalwa akashusha leso. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu alimtazama mkwewe machoni.

"Ulishindwa kuja karibu nami kwa ajili ya kazi yako," akasema, "ukasema ni heshima. Leo umekuja karibu kunivua nguo. Ungenidharau siku ile, mwanangu. Ningekusamehe."

Sidhani kama yupo hakimu aliyewahi kumpa mkaguzi hukumu ya haki kuliko hiyo. Alichokiita heshima kilikuwa woga wake wa aibu ya dakika tano, naye aliufunika kwa desturi ya watu wake kama wengine wanavyofunika hongo kwa neno chai. Desturi haikumtaka aandike uongo katika daftari la umma. Ilimtaka akae mbali, na kukaa mbali kulikuwa na njia yake halali: kuirudisha kazi ile kwa Bwana Oloo na kusubiri Mwendwa apone.

Mahakamani Were alisimama shahidi dhidi yake mwenyewe. Alieleza kila kitu kwa mpangilio, tope, kaunta na leso, na hakutafuta neno la kujipunguzia. Hakimu alimtoza Namalwa faini ndogo kwa kuwa hakujua. Juu ya Were alisema machache, lakini yaliandikwa. Ofisi nayo ikaagiza kwamba kuanzia hapo hakuna mkaguzi atakayepewa duka la ndugu au mkwe, na kwamba chapa ipigwe mezani pekee, mbele ya mashahidi wawili watakaotia sahihi. Rasimu ya agizo hilo Were aliiandika mwenyewe, akaiwasilisha siku ile ile aliyopokea barua ya kushushwa cheo.

Aliondolewa kwenye ukaguzi, akawekwa stoo, na huko ndiko alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1978, bila kupandishwa tena. Namalwa alifunga duka, akarudi Kimilili. Lornah alimfuata, akakaa miaka miwili kabla ya kurejea Nairobi. Mama mkwe alipofariki mwaka 1976, wazee wa boma walimzuia Were langoni, na mazishi yakafanyika bila yeye.